Jiko la Bi Tausi Mbele ya Idara ya Kabla na Baada

Nchi yetu sitaitaja jina. Si kwamba naogopa, ni adabu tu. Serikali yetu haipendi kusifiwa hadharani, na mimi nikianza kuieleza huwa siwezi kujizuia kuisifu. Msomaji akidhani anaijua nchi yenyewe, basi amekosea, maana mambo haya hayajapata kutokea kwingine kokote. Hata huku kwetu yanatokea mara moja moja tu, kila wiki.

Mimi ni mpangaji. Nakaa chumba cha uani nyumbani kwa Bi Tausi, mtaa wa Magunia, mwaka wa kumi na tatu sasa. Bi Tausi ni mjane wa miaka sitini na mbili, mnene kidogo, mwenye maneno machache na mkono mzuri wa kupika. Kilichokuwa kibaya ni jiko lake. Bati lilivuja mahali patatu, ukuta ulikuwa na ufa ambao mjusi alipita bila kujikunja, na dohani ya kutolea moshi ilikuwa imeziba tangu uhai wa marehemu mumewe. Moshi ulitokea mlangoni, kama wageni wengine. Daktari wa macho alimwambia akiendelea kupika humo miaka miwili zaidi hataweza kuchagua mchele, kwa sababu hatauona.

Basi akamwita Fundi Sefu. Kwa siku tisa fundi akabadilisha bati tatu, akaziba ufa, akazibua dohani, akapaka chokaa. Kazi ilipokwisha Bi Tausi akafanya jambo ambalo mtaani kwetu hakuna aliyewahi kulifanya: akadai ankara, na iwe na kodi. Alikuwa amemsikia waziri redioni akisema anayedai ankara anajenga taifa, na Bi Tausi akiambiwa jambo na mtu mzima huwa analishika.

Fundi Sefu hakuwahi kuandika ankara maishani mwake. Alinunua daftari, akaomba kalamu yangu, akaandika kila kitu kwa mwandiko wa kulala: bati, saruji, chokaa, siku za kazi. Kisha, kwa kuwa ni mtu aliyelelewa, na kwetu huwezi kupokea fedha ya nyumba ya mtu ukaondoka kimya kama mwizi, akamalizia chini kabisa: "Hongera sana, mama. Jiko sasa limekuwa zuri kuliko zamani."

Hongera hiyo ndiyo iliyotuletea serikali nyumbani.

* * *

Sheria yetu ya kodi ya nyumba ni nyepesi sana. Mtoto anaweza kuielewa, na ndiyo maana wameajiriwa watu wazima wa kuieleza. Ukiikarabati nyumba, yaani ukiirudisha ilivyokuwa, unalipa asilimia tatu. Ukiiboresha, yaani ukiifanya iwe nzuri kuliko ilivyokuwa, unalipa thelathini. Sababu ilitolewa bungeni na nikaiona ni ya haki. Anayerudisha kitu mahali pake ni mzalendo. Anayekifanya kiwe kizuri zaidi anasema kwa vitendo kwamba hali ya zamani haikuridhisha, na hali ya zamani ilikuwa chini ya serikali hii hii.

Bi Tausi alilipa tatu. Baada ya wiki mbili ikaja barua kutoka Idara ya Kabla na Baada, yenye mihuri minne na doa la chai. Barua ilisema kwamba mlipa kodi amekiri kwa maandishi, kupitia kwa fundi wake, kuwa jiko ni zuri kuliko zamani. Alipe tofauti. Na kama hana uwezo asihangaike, kwa maana sheria ina huruma: Jumatatu ya mwisho wa mwezi kitafika Kikosi cha Urejeshaji na kulirudisha jiko katika hali yake ya awali, bila malipo.

Kikosi hicho nakijua na ninakiheshimu. Kina misumari maalumu ya kutoboa bati. Kina magunia ya masizi ya daraja la kwanza kutoka bohari ya taifa, na kina mtaalamu wa kuziba madohani ambaye alisomea kazi hiyo ng'ambo kwa miaka miwili na akarudi na cheti. Jirani yetu mmoja alirejeshewa choo chake mwaka juzi. Anasema ufundi wenyewe ulikuwa wa hali ya juu, hata nzi walikuwa wale wale.

Bi Tausi aliisikiliza barua nilipomsomea mpaka mwisho. Fedha ya asilimia thelathini hakuwa nayo wala hakuwa na pa kuitoa. Aliniambia miaka thelathini amelia ndani ya jiko lile pasipo msiba, na sasa ndio kwanza macho yamekauka. Akavaa viatu, tukaenda.

* * *

Tulipokelewa na Bwana Ludovick Kihampa, Afisa Mwandamizi wa Ulinganisho. Ni mtu mpole, mwenye kitambi cha kiasi na suti inayojitahidi. Alimwamkia Bi Tausi kwa heshima, akamkalisha kwenye kiti, mimi akanionyesha ukuta.

Alitueleza kwamba idara ina sehemu mbili. Sehemu ya Kabla kazi yake ni kuitazama nyumba kabla haijaguswa. Sehemu ya Baada huitazama ikishaguswa. Shida ni moja tu: kwa mujibu wa kanuni, Sehemu ya Kabla haiwezi kutoka ofisini mpaka iione ankara, na ankara huandikwa kazi ikiisha. Kwa hiyo tangu idara ianzishwe watumishi tisa wa Sehemu ya Kabla hawajatoka kwenda popote, na mwaka jana walipewa nishani kwa kubana matumizi ya petroli.

"Mama," alisema Bwana Kihampa, akavua miwani ili maneno yatoke vizuri, "serikali haiwezi kulinganisha kitu inachokiona na kitu isichokiona. Ikifanya hivyo itakuwa inapiga ramli, na ramli iko chini ya wizara nyingine."

Bi Tausi akamuuliza, basi inakuwaje, mwanangu. Bwana Kihampa akafurahi kuulizwa. Akafungua kabati, akatoa Sheria ya Sinia.

Kwa wasiotoka kwetu nieleze. Walioandika katiba yetu waligombana miezi minne juu ya ibara ya kwanza. Siku moja sahani zilifungiwa stoo na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda harusini, mpishi akawaletea chakula chote kwenye sinia moja. Wakala pamoja, mkono ukigongana na mkono, na kufikia alasiri katiba ilikuwa imekwisha. Tangu siku hiyo ni sheria: mgogoro wowote kati ya raia na serikali hauhesabiwi kuwa umemalizika mpaka pande zote mbili zile sinia moja, nyumbani kwa raia, kwa gharama ya raia. Maafisa wetu ni watu wa suluhu sana. Wengi wamenenepa kwa kutafuta amani.

Mgogoro ukiwa wa jiko, sinia lenyewe ndilo ushahidi. Anatafutwa mtu aliyewahi kula chakula cha jiko la zamani, anakula cha jiko jipya, kisha anaapa kama kuna tofauti au hakuna. Hapo nikainua mkono, nikajitolea. Bwana Kihampa alinitazama tumboni, akasema mimi ni sehemu ya maboresho. Halafu akasoma kifungu kidogo: shahidi awe ni mtu asiyempenda mlipa kodi, ili ushahidi usiwe na sukari.

Nikaona Bi Tausi anatazama viatu vyake.

Mtaani kwetu mtu asiyempenda Bi Tausi hayupo. Mwenye duka anampenda, mshona viatu anampenda, hata yule mama aliyewahi kumwagia maji machafu mlangoni alikwisha kuja kuomba radhi akalishwa. Aliyebaki ni mmoja tu katika nchi nzima, na huyo ni mdogo wake wa tumbo moja, Bi Sikudhani.

* * *

Miaka kumi na moja nyuma, siku ya arobaini ya mama yao, Bi Tausi aliamka alfajiri akapika wali wa nazi na mchuzi wa kuku kwa watu themanini. Wanawake wakakaa ukumbini, masinia yakaletwa. Bi Sikudhani akatia tonge la kwanza mdomoni, akalitafuna, akanyoosha mgongo na kusema mbele ya wote kwamba wali huu unanuka moshi na mama asingeula.

Bi Tausi alikwenda jikoni, akafunika sufuria, akakaa humo mpaka wageni walipoondoka. Tangu siku hiyo hawajasemezana. Wanaishi mji mmoja, vituo viwili vya basi. Mwanzoni walitumiana salamu kwa watu, baadaye hata salamu zikaisha. Mwana wa Bi Sikudhani alipooa, Bi Tausi alipeleka doti ya kanga kwa mkono wa jirani, na yeye mwenyewe akabaki nyumbani anafua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Sasa msomaji aone serikali yetu ilivyo na hekima. Ikiwa Bi Sikudhani atashikilia neno lake kwamba wali wa zamani ulinuka moshi, na huu wa leo haunuki, basi jiko limeboreshwa na Kikosi kitakuja na magunia yake. Jiko lingepona kwa njia moja tu: shahidi aape kwamba siku ile hapakuwa na moshi. Na Bi Sikudhani, kwa sifa aliyo nayo, hajapata kulimeza neno alilokwisha kulitoa.

Siku nzima Bi Tausi alisema afadhali masizi. Kesho yake akaniambia nilete fomu. Iliitwa Wito wa Shahidi Asiyempenda Mlipa Kodi, na ilikuwa na nafasi ya mistari mitatu ya kueleza sababu ya kutopendana. Nilimshauri aiache wazi, lakini fomu yenyewe ilionya kwamba isiyojazwa haitapokelewa. Akafikiri sana. Mwisho akachukua kalamu na kuandika mwenyewe neno moja: "Wali."

Fomu ilirudi baada ya siku nne. Bi Sikudhani alikuwa ameweka sahihi mahali pa kukubali kuitikia wito. Kwenye sababu, chini ya neno la dada yake, hakuongeza kitu.

* * *

Jumamosi ya sinia, asubuhi, nilimletea Bi Tausi wazo langu. Nilikuwa nimekusanya kuni mbichi mzigo mzima. Nilimwambia aziwashe, aufunge mlango, wali uingie moshi barabara. Shahidi ataapa kwamba ni ule ule wa zamani, tofauti itakuwa hakuna, tutalipa asilimia tatu na jiko litapona. Bado nadhani lilikuwa wazo zuri kisheria.

Bi Tausi alinifukuza na mwiko mpaka kwenye kamba za nguo.

"Nimeambiwa mara moja wali wangu unanuka moshi," alisema. "Sitaupika mimi mwenyewe uwe kweli."

Akawasha mkaa mkavu, akakuna nazi tano, akapika kama anayepikia watu themanini.

Saa saba idara ikafika. Sheria inataka afisa mmoja. Walikuja kumi na mmoja, wakiwa wamenawa mikono tangu ofisini ili wasipoteze muda wa serikali. Watumishi tisa wa Sehemu ya Kabla walikuwamo wote, maana ilikuwa safari yao ya kwanza, na mmoja alikuja na kamera. Walilizunguka jiko wakilitazama kwa hamu, wakauliza kama linaweza kurudi nyuma kidogo walione lilivyokuwa.

Bi Sikudhani aliingia mwisho. Ni mwembamba, mrefu kumpita dada yake, na amevaa baibui lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alisimama mlangoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Nilihesabu kwamba hayo ni maneno matatu katika miaka kumi na moja. Baada ya hapo wakatazama kila mtu upande wake.

Sinia likawekwa mkekani: wali wa nazi, mchuzi wa kuku, kachumbari. Chakula kile kile cha siku ile, na kila mwanamke aliyekuwa akichungulia dirishani alikijua. Bwana Kihampa akasimama na kutoa hotuba ya dakika ishirini. Alisema taifa linalokula pamoja haliwezi kulipana pungufu. Alisema macho ya nchi nzima yako kwenye sinia hili, na kwa upande wa maafisa wake ilikuwa kweli kabisa. Kisha akamwapisha shahidi kwa kiapo cha sinia, mkono wa kulia ukiwa juu ya wali bila kuugusa.

Bi Sikudhani akala tonge moja. Alitafuna polepole mno. Maafisa walikuwa hawajaruhusiwa kuanza, na mmoja alifumba macho.

Bwana Kihampa akamuuliza kama wali huu una moshi. Akajibu hauna. Akamuuliza, na ule wa zamani? Nilimtazama Bi Tausi. Alikuwa ameinamia sinia, vidole vyake vimeshika ukingo wake kama linaweza kuondoka.

Bi Sikudhani akachukua tonge la pili, akalila lote.

"Na ule haukuwa nao," alisema.

Bwana Kihampa akapekua jalada. Alisema kwa masikitiko kwamba idara ina maelezo ya wanawake sita waliomsikia shahidi, siku ya arobaini, akitamka kinyume chake.

"Nilitamka. Nilisema uongo."

Afisa akataka kujua kwa nini, kwa ajili ya kumbukumbu. Lakini Bi Sikudhani hakumjibu yeye. Aligeuka akamtazama dada yake usoni, na hapo sauti yake ikapasuka.

"Ulikuwa wali wa mama. Chumvi yake, nazi yake, hata ulivyochambuka. Mama tumemzika ana siku arobaini, halafu naweka tonge mdomoni namkuta. Sikuweza, dada. Nikatafuta neno baya la kuusema, na moshi ndio uliokuwa karibu."

Mimi nililia, sioni haya kusema. Mtumishi mmoja wa Sehemu ya Kabla naye alifuta macho, akasema ni pilipili ya kachumbari, na ile kachumbari haikuwa na pilipili. Bwana Kihampa aliomba shahidi arudie polepole, kwa kuwa ameandika nazi mara mbili.

Bi Tausi alinyoosha mkono. Akachagua paja la kuku, lile la kwake, akalisukuma juu ya wali mpaka upande wa mdogo wake.

"Kula, mdogo wangu. Wali unapoa."

Maafisa wakachukua neno hilo kuwa ruhusa.

* * *

Hukumu ilisomwa kabla mikono haijakauka. Kwa kuwa wali wa leo hauna moshi, na wa zamani kwa kiapo haukuwa na moshi, jiko halijaboreshwa hata chembe. Ni asilimia tatu, na zilikwisha kulipwa. Kikosi cha Urejeshaji kikafutiwa safari. Nasikia mtaalamu wa kuziba madohani aliumia sana, kwa kuwa alikuwa amekwisha kukata majani ya kuzibia.

Fundi Sefu alipewa onyo kali kwa kutoa hongera ya uongo katika waraka wa kodi. Siku hizi kila ankara yake anaimalizia kwa maneno: "Pole sana, mama. Nyumba ni ile ile." Wateja wanamsifu, na ofisi inamtolea mfano kwa mafundi wengine.

Mambo yangekuwa yameishia hapo kama Bi Sikudhani hangeigeuza ile hati ya hukumu na kuisoma nyuma, penye maandishi madogo ambayo hakuna raia aliyewahi kuyasoma. Aliomba miwani ya dada yake ili ayaone vizuri. Yaliandikwa kwamba shahidi asiyeridhika na ushahidi wake mwenyewe anaweza kukata rufaa ndani ya siku tisini, na rufaa itasikilizwa kwa sinia jipya, jiko likibaki kama lilivyo mpaka shauri liishe.

Alitaka fomu ya rufaa pale pale. Bwana Kihampa, aliyekuwa akijifuta mdomo, alimuuliza anakata rufaa kwa hoja gani.

"Sikuonja ukoko," alisema Bi Sikudhani.

Hoja ikakubaliwa. Miezi mitatu baadaye tukala tena, akaonja ukoko, akaona sasa mchuzi ndio unaomtia shaka. Tuko kwenye rufaa ya sita. Shahidi huja tangu Ijumaa, akalala, na kazi ya kukuna nazi ni yake. Huwa nawasikia jikoni wakibishana kiasi cha chumvi, mlango wazi, bila moshi. Fomu kila mara inauliza kama bado hawapendani, maana bila hivyo shahidi hafai, na wote wawili huapa kwamba hali ni ile ile. Bwana Kihampa alipewa cheo cha mkoani akakikataa, akaandika kwamba hawezi kuliacha shauri kubwa namna hii katikati.

Jumamosi iliyopita alijikaza akamuuliza shahidi, kwa unyonge, kama sasa yuko tayari kutoa neno la mwisho. Bi Sikudhani alimtazama dada yake, akamaliza kutafuna, akasema bado.